Moshi wa Wakubwa na Moshi wa Wanyonge

Ziko aina mbili za moshi zinazonywewa katika wilaya ya Karatu. Aina ya kwanza hutoka Uskoti. Hupita bandarini na forodhani, hupanda barabara ya lami mpaka kwenye baa za hoteli za watalii waendao Ngorongoro, na huko humiminwa katika bilauri safi mbele ya wageni na mbele ya baadhi ya waheshimiwa wetu. Aina ya pili hupikwa vichakani, katika vijiji vya bondeni kama vile vya kata ya Baray, upande wa Ziwa Eyasi, ambako wananchi huishi kwa kulima vitunguu na kufuga. Hii ya pili wengine huiita gongo, wengine piwa, wengine machozi ya simba; lakini jina lake la zamani, ambalo hata sheria ya nchi imelitumia, ni moshi. Wa kwanza husifiwa kwa harufu yake. Wa pili humwagwa chini, na aliyeupika hupelekwa kituoni. Leo tungependa ndugu zetu wa Visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali popote walipo, waipime nasi tofauti hiyo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme wazi tusimamapo. Sisi tulikalia mkeka wa chuo kabla ya kukalia dawati la shule ya Serikali. Tulifundishwa kwamba kileo ni haramu, na mafundisho hayo hatujayaacha. Hatuandiki ili kumshawishi mtu anywe, wala hatusemi kuwa ulevi wa bei kubwa ni bora kuliko ulevi wa bei ndogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya, na kauli hiyo yahusu chupa ya Uskoti sawasawa na galoni ya kichakani. Lakini nchi yetu ni ya watu wa dini nyingi, na Serikali yake haina dini. Kazi ya Serikali ni kushika mizani, na mizani haipaswi kutazama nguo ya mwenye mzigo.

Moshi kama kiungo si jambo geni kwetu. Visiwani, mitungi na magudulia ya maji yamefukizwa kwa ubani tangu enzi za mababu, ili maji yapoe na yanukie. Huku bara, wafugaji wa Kimaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na mama mwenye nyumba anajua ni mti gani unaoyapa maziwa ladha njema na upi unaoyaharibu. Basi tusidhani kwamba elimu ya moshi ilizaliwa Ulaya.

Waskoti nao wana moshi wao. Katika kisiwa chao kiitwacho Islay, kilichoko magharibi mwa Uskoti, kuna udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyolala na kuoza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Wenyeji huukata mapande kama matofali, huuanika, kisha huuchoma mahali pa kuni. Wanapotengeneza wiski huloweka shayiri ichipue iwe kimea, kama wafanyavyo mama zetu na ulezi au mtama. Kimea hicho hukaushwa juu ya moto wa udongo ule, na moshi huingia ndani ya punje. Kisha husagwa, hutiwa maji ya moto, huchachushwa kwa hamira, na hupikwa mara mbili katika mitungi mikubwa ya shaba. Mvuke upandao hupozwa ukawa maji makali. Kwa sheria yao, maji hayo lazima yakae katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na yasitiwe chupani yakiwa na nguvu iliyo chini ya asilimia 40.

Watu wa kazi hiyo hupima hata moshi wenyewe. Huhesabu katika kimea sehemu ngapi za kemikali za moshi zimo katika kila sehemu milioni. Kimea cha Bowmore huwa na sehemu zipatazo 25, cha Lagavulin zipatazo 35, cha Laphroaig kati ya 40 na 45, na cha Ardbeg zaidi ya 50. Octomore, itengenezwayo katika kisiwa hicho hicho, mara nyingi huvuka 100. Sehemu ya moshi huo hupotea wakati wa kupika, na iliyobaki hutegemea ni wakati gani mpishi anaanza na kuacha kukinga maji yatokayo. Ndiyo maana viwanda viwili vinavyotumia kimea cha namna moja vyaweza kutoa vinywaji visivyofanana hata kidogo.

Waonjaji nao wana utaratibu wao. Huanza na wiski yenye moshi mdogo na kumalizia na ile yenye moshi mkubwa, kwa maana ulimi uliokwisha kupigwa na moshi mzito hauwezi tena kuutambua mwepesi. Hunusa kabla ya kugusisha mdomo, hutia maji kidogo, hunusa tena, kisha hulinganisha. Mmoja atasema ananusa lami, mwingine jivu, mwingine dawa ya kidonda, mwingine mwani uliotupwa ufukoni. Na hapo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wangeielewa lugha hiyo upesi kuliko watalii. Lakini lililotuvutia zaidi ni hili: mwonjaji aliye makini hufichwa jina la chupa. Hufichwa ili ahukumu kilichomo ndani ya bilauri, asihukumu sifa, bei, wala heshima ya mwenye kiwanda.

Haya ndiyo tunayotaka yafanyike nchini mwetu kwa upande wa sheria. Tufiche majina kwanza. Tupime kilichomo, ndipo tuseme kipi ni hatari na kwa sababu gani.

Wapo watakaojibu kwamba wiski ni kitu cha kistaarabu na gongo ni kitu cha kihuni. Hao tunawaomba wasome historia. Waskoti walikuwa wapishi wa vichakani kama wetu. Kwa miaka mingi walijificha milimani na visiwani, wakiwakimbia wakaguzi wa ushuru wa Serikali ya Uingereza, kwa sababu kodi ilikuwa nzito na sheria haikumpa nafasi mtu mdogo. Misako ilifanyika, mitungi ikavunjwa, na moshi ukaendelea kufuka. Hatimaye, mwaka 1823, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya: kodi ikapunguzwa, na mpishi akaruhusiwa kufanya kazi kwa leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata George Smith, mkulima wa Glenlivet, alichukua leseni hiyo, na jirani zake waliokuwa bado wakipika kwa siri wakamchukia hata ikambidi atembee na bastola. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mhuni wa jana akawa mlipa kodi, na mwaka 2023 wiski ya Uskoti iliyouzwa nchi za nje ilikuwa na thamani ya pauni zipatazo bilioni 5.6.

Sisi tulipewa historia nyingine. Mwaka 1890 mataifa ya kibeberu yalikutana Brussels na kuweka mipaka ya biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, kwa mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, yalikataza pia vileo hivyo visitengenezwe katika makoloni hayo. Ilidaiwa kwamba ni kwa ajili ya kumlinda Mwafrika. Lakini katika Tanganyika Mzungu alikunywa wiski yake klabuni bila ya kuulizwa, ilhali Mwafrika alizuiwa kisheria vileo vikali hata ikafika miaka ya 1950. Mizani ile haikupima kinywaji. Ilipima ngozi.

Baada ya Uhuru, Serikali yetu ilitunga Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Wengi huijua kwa adhabu zake tu, wala hawajui kwamba ilihusu pia utengenezaji wa moshi kwa leseni. Jirani zetu wa Uganda walipita njia kama hiyo katikati ya miaka ya 1960: mpishi wa kijijini alitakiwa awe na leseni, na enguli yake inunuliwe na kiwanda, ambacho huipika upya na kuisafisha. Ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Kwetu, leseni haikufika kijijini. Iliyofika ni adhabu. Mwanamke wa Baray anaijua sheria hii kwa sura ya mgambo mlangoni alfajiri, na hajapata kuiona kwa sura ya mtaalamu mwenye kipimo mkononi.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu kileo kisichopimwa huua. Watu wengi hudhani kwamba kifo hutokana na upishi wa kienyeji peke yake. Ni kweli kwamba mapipa ya kutu, mabomba ya magari na vyombo vilivyopata kubeba dawa za mashambani huweza kutia sumu. Lakini maafa makubwa mara nyingi huletwa na methanoli ya viwandani, ambayo wafanyabiashara wasio na utu huichanganya na kinywaji ili kuongeza wingi na ukali. Ndani ya mwili methanoli hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Mtu hulala akiwa mzima, akaamka kipofu, au asiamke kabisa. Mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi ya namna hiyo. Mwaka huo huo Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya chupa, alama na leseni. Hata hivyo, Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa huko kwa pombe iliyotiwa methanoli. Funzo ni kwamba kuhalalisha katika karatasi hakutoshi, kama vile kukataza katika karatasi kusivyotosha. Panatakiwa mtu wa kupima, na apime kila siku.

Tunaambiwa kwamba moshi ukipewa leseni ulevi utaongezeka. Hoja hii si ya kupuuzwa, na sisi wenye watoto vijijini tunaiogopa kuliko wanaoisema. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017 tuliunga mkono, kwa kuwa mifuko ile iliingia hata katika mikoba ya wanafunzi. Lakini tutazame: viroba vilikuwa vya viwandani, vilionekana, ndiyo sababu vikaweza kuondolewa. Kisichoonekana hakiondoleki. Moshi wa kichakani hauna saa ya kufunguliwa, hauna umri wa mnywaji, hauna nguvu inayojulikana, wala hauna mtu wa kuwajibika mtu akifa. Wadatoga wa bonde la Eyasi wana pombe yao ya asali, ambayo hutolewa kwa heshima katika maziko ya wazee wao, na mila huamua nani anywe na nani akae mbali. Kilicho hadharani huwa na mipaka. Kilichofukuzwa gizani hakina.

Sasa tuseme na watumishi wa Serikali. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi asiwe na majivuno wala dharau kwa wananchi. Maneno hayo hayajachakaa. Mtumishi anayeketi jioni mbele ya bilauri ya wiski, akaeleza kwa ufasaha moshi wa Islay, kisha asubuhi akaongoza msako wa moshi wa Baray huku akiwatukana akina mama, ana mizani mbili mkononi. Hatumkatazi bilauri yake. Ushuru wake umelipwa, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunamkataza dharau. Mama yule hapiki kwa kupenda ulevi. Hupika kwa sababu bei ya vitunguu imeanguka, na mtoto anataka sare, daftari na sabuni.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, Wizara zinazohusika ziitazame upya sheria ya moshi ili leseni ipatikane kwa vikundi vya wapishi kwa ada wanayoiweza, kama Waskoti walivyofanya mwaka 1823. Pili, SIDO ibuni mtambo mdogo wa shaba au chuma kisichoshika kutu, na Shirika la Viwango pamoja na Mkemia Mkuu wa Serikali wapime kinywaji kabla hakijauzwa. Tatu, nguvu yote ya misako ielekezwe kwa wauzaji wa methanoli na kwa wanaowauzia watoto. Nne, wale wanaotaka kuiacha kazi hii wapewe njia nyingine, kutoka katika fungu la asilimia 10 la mapato ya halmashauri lililowekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakauliza yanawahusu nini mambo ya bonde la Eyasi. Yanawahusu, kwa kuwa nao wana hoteli za watalii zenye chupa hizo hizo, na wana wanyonge wao wanaofukuzwa. Sheria iliyo haki huko ndiyo iliyo haki huku. Nasi tulioazimia kutokunywa, wa moshi wa Islay na wa Baray pia, tunayo haki ya kudai kwamba anayekunywa asipofuke, na anayepika asidharauliwe. Mizani iwe moja.