Kununua kwa kupimiwa kunatumaliza

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwa anayenunua haba na haba, kibaba kinachojaa ni cha mwenye duka.

Nilisomea ukimbizini Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipopunguza mgawo hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha 60 mwaka 2021, ndugu zangu waliobaki huko walizidi kununua mafuta kwa kupimiwa. Nasi tuliorejea tunafanya vivyo hivyo msaada wa kurejea unapokwisha.

Tuchukue mfano. Tuseme mjini Mbarara jerikeni ya lita 20 ni shilingi 120,000, yaani 6,000 kwa lita. Kambini, kwa kupimiwa, lita inafika 8,000. Anayefuata lita nne peke yake, hata akiuziwa kwa bei hiyo ya jerikeni, anaokoa 8,000, lakini nauli ni 20,000. Amepata hasara. Familia tano zikimtuma mtu mmoja, kila moja inachangia nauli 4,000 na kubakiwa na 4,000.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili. Mzigo wao hauvuki Mutukula kabla nauli haijapigiwa hesabu. Tukifika jikoni tunasahau.

Kumwambia maskini apunguze kula si ushauri. Tuanze na majirani watano, daftari moja na mjumbe mwaminifu anayebadilishwa kila mwezi. Bei isomwe mbele ya wote, na risiti ibaki ndani ya daftari.