Nuru Katika Usiku wa Ncha ya Dunia

Wako watu wasemao kwamba kuunda chombo cha leza cha kupimia mawingu ya Antaktiki ni upotevu wa mali. Huuliza: mawingu yasiyomnyeshea mkulima hata mmoja yanatufaa nini? Swali hili lina sura ya busara, walakini ndani yake mna ujinga mkubwa.

Mwaka 1985 wataalamu watatu wa Uingereza, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kuwa ozoni juu ya kituo cha Halley ilikuwa ikipungua mno kila majira ya kuchipua. Ozoni ni ngao ya viumbe dhidi ya miali mikali ya jua. Mwaka 1986 Susan Solomon na wenzake walieleza sababu: juu ya chembe za mawingu yale, klorini itokayo katika gesi za majokofu na makopo ya kupulizia hugeuzwa, na jua lirudipo huangamiza ozoni. Majokofu yalikuwa mijini. Jeraha likatokea pasipo na mji. Nani, basi, athubutu kusema mawingu yale hayatuhusu?

Mawingu hayo huelea kilomita 15 hadi 25 juu, baridi ishukapo chini ya nyuzi 78 za hasi, aghalabu katika giza la majira ya baridi. Vyombo vinavyotegemea mwanga wa jua huwa vipofu hapo. Leza huja na nuru yake mwenyewe. Hutuma mmweko juu, na muda wa kurudi kwake hueleza umbali wa wingu. Mawimbi ya nuru yakibadili mwelekeo wa mtikisiko wake, yatujulisha kuwa chembe ni fuwele, si matone.

Wengine hudai setilaiti zatosha. Hasha! CALIPSO, iliyopeleka leza angani mwaka 2006, ilikoma kazi mwaka 2023, na katika uhai wake wote haikupita juu ya ncha yenyewe. Mlinzi wa mnarani hamwondolei kazi mlinzi wa mlangoni.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao sekretarieti yake iko Nairobi, ulikazwa mwaka 1990 baada ya vipimo kuthibitisha hatia ya klorini. Gesi zile hudumu angani miaka mingi, na ozoni yapona polepole. Kazi ya kupima haijesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini, msomaji kijana, nani azibaye ufa asiouona?