Picha zetu tunaziuza kama pamba mbegu

UKIMUULIZA mfanyabiashara yeyote mjini Bariadi soko ni nini, jibu lake la kwanza litakuwa pamba. Ukimbana zaidi atataja ng'ombe wa mnadani, mpunga, dengu na choroko. Hatataja picha. Kwa hiyo leo tunawaomba radhi wasomaji wetu waliozoea kukuta hapa habari za mizani na magunia. Tunataka kuzungumzia bidhaa inayozalishwa kila siku mkoani Simiyu, inayouzwa kwa bei ya kutupa, na ambayo thamani yake tunaiacha ipotee mikononi mwetu wenyewe.

Hatuzungumzii picha za pasipoti wala za vitambulisho. Tunazungumzia picha za sanaa, yaani picha ambayo mnunuzi huitundika ukutani kwa sababu ya picha yenyewe na jina la aliyeipiga, hata kama hamjui mtu aliyemo ndani yake.

Biashara hiyo ipo na haikuanza jana. Novemba 2011, katika mnada wa Christie's mjini New York, picha ya Mjerumani Andreas Gursky iitwayo Rhein II iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4.3 za Marekani. Ndani yake hamna mtu wala mnyama: kuna mto, majani na anga. Mei 2022, katika mnada wa kampuni hiyo hiyo, picha ya Man Ray ya mwaka 1924 ilifika dola milioni 12.4. Msomaji atauliza: mbona hata sisi mto tunao, majani tunayo na anga tunayo? Swali hilo ni zuri, na halina jibu la mkato.

Kanuni ya soko lenyewe

Picha ina tatizo moja ambalo ng'ombe hana. Ng'ombe akishauzwa ameondoka zizini. Picha inaweza kusafishwa leo, kesho na mtondogoo, mara mia au mara elfu, na nakala ya mwisho isitofautiane na ya kwanza. Bidhaa isiyo na mwisho haiwezi kuwa na bei.

Wauzaji wa picha za sanaa wamelimaliza tatizo hilo kwa njia rahisi. Mpiga picha anatangaza tangu mwanzo kwamba picha fulani itatolewa, tuseme, nakala kumi tu za kipimo kimoja. Kila nakala inaandikwa namba yake, ya kwanza kati ya kumi, ya pili kati ya kumi, hadi mwisho, na inatiwa sahihi. Zikiisha zimeisha. Anayevunja ahadi hiyo anaharibu jina lake, na jina likiharibika bei nayo inaanguka. Mauzo yakipitia jumba la sanaa, mara nyingi jumba hilo huchukua nusu ya fedha.

Mkulima wa Bariadi hahitaji mwalimu wa kumweleza jambo hili. Anajua tofauti ya pamba safi na pamba fifi. Zote zimetoka shamba moja, zimepigwa na jua moja, zimechumwa na mikono ile ile. Kinachotenganisha bei ni kuchagua na kutunza. Anajua pia kwamba pamba mbegu ni hatua ya kwanza tu, na kwamba fedha nyingi zaidi huingia ikishachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa na kuwa nguo.

Mpiga picha wetu anauza pamba mbegu. Tena kuna ubaya zaidi: anauza mazao pamoja na shamba. Anampa mteja faili la picha lote kwa simu, bila jina lake, bila maandishi yoyote, kisha anafuta kadi ya kamera ili apate nafasi ya harusi ya Jumamosi ijayo. Miaka mitano baadaye picha ile ikionekana kwenye kalenda, au kwenye kitabu cha utalii, hana hata kitu cha kuonyesha kwamba aliipiga yeye.

Fundisho la Bamako

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Basi tuangalie Mali.

Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya mafundi wetu: watu walikuja na nguo zao nzuri, wakasimama mbele ya kitambaa, wakapigwa picha za kupelekea ndugu. Tofauti ni kwamba alitunza negativu zake. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York, zikaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Alikuwa hai, yuko Bamako! Baadaye alitafutwa akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe mjini Paris. Akawa mmoja wa wapiga picha wa Afrika wanaojulikana zaidi duniani. Lakini baada ya kifo chake mwaka 2001 ulizuka mgogoro mkubwa kuhusu nani mwenye haki ya negativu hizo na nakala zilizotokana nazo. Hapo tunapata mafundisho mawili: sanduku la negativu ni mali, na mali isiyo na maandishi ni ugomvi.

Mwenzake wa mji huo huo, Malick Sidibé, aliyepiga picha za vijana wakicheza dansi, mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa tuzo hiyo.

Hapa Afrika Mashariki pia mifano ipo. Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe akaendelea kuuza nakala za picha za zamani kwa wageni wa Mji Mkongwe. Lamu, Omar Said Bakor aliendesha studio iliyokuja kuandikwa na watafiti. Uganda, mradi wa History in Progress ulianza mwaka 2011 kukusanya picha za zamani kutoka majumbani na studio, na umezaa vitabu na maonyesho. Wote hao walifika huko kwa sababu moja: picha hazikutupwa.

Masanduku ya karibu na stendi

Mwandishi wa safu hii aliingia siku moja katika studio ndogo karibu na stendi ya Bariadi kusafisha picha. Baada ya "mwadila" na kuulizana habari za mvua, macho yakaangukia masanduku ya viatu yaliyopangwa hadi kwenye dari. Mzee mwenye studio akasema ni negativu za tangu ujana wake. Alifungua moja, akainua ukanda kuelekea mlangoni: mkulima amesimama na baiskeli mpya, mama na redio mapajani, vijana watatu na suruali pana. Ni watu waliokuja msimu wa pamba, baada ya malipo, kujiwekea kumbukumbu ya mwaka mzuri.

"Mwanangu, hizi nataka kuzichoma. Zinakaribisha panya," alisema.

Nilipomwambia kwamba sanduku moja kama hilo kwingineko limejaza ukumbi wa maonyesho, alicheka, akadhani namtania. Sikuwa na utani. Masanduku yale yameandika uchumi wa mkoa huu kuliko taarifa nyingi za ofisini. Ndani yake unaona mwaka bei ilipopanda na mwaka ilipoanguka, kwa viatu vya watu tu.

Na muda hautusubiri. Ukanda wa filamu za zamani ukikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa harufu kama ya siki, kisha hujikunja na kupasuka. Ukifika hapo hautengenezeki tena.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Karatasi bora ya kuchapia picha za sanaa hutengenezwa kwa pamba, ikiwemo ile ya nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu baada ya kuchambua. Mkoa huu unaongoza nchini kwa pamba. Picha inapigwa hapa, pamba inalimwa hapa, lakini nakala iliyosainiwa juu ya karatasi ya pamba hatuna. Hivi kweli jambo hili linaingia akilini?

Ushauri wa bure

Kwanza, negativu zisichomwe. Zitolewe kwenye mifuko ya plastiki, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu penye ubaridi, na kila bahasha iandikwe mwaka na mahali. Wenye picha za dijitali waweke nakala mbili, na zisikae nyumba moja.

Pili, mpiga picha achague. Kati ya picha elfu za mwaka, achague ishirini ambazo yuko tayari kutia sahihi. Hiyo ndiyo pamba safi yake. Zilizobaki ziendelee kuleta fedha ya chumvi.

Tatu, maandishi. Picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Anayenunua nakala asidhani amenunua haki ya kuichapisha kwenye kalenda. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuepusha kesi.

Nne, aliyemo kwenye picha aulizwe. Tumeshuhudia wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu wakizungukwa na kamera kana kwamba ni miti. Anayelalamika kwamba mgeni anauza sura za Wasukuma bila ruhusa asifanye hivyo hivyo kwa jirani yake. Mama wa picha apewe nakala yake, na mauzo yakija apate fungu lake.

Fursa ziko wapi

Soko la karibu liko Lamadi, wilayani Busega, jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Watalii wanapita hapo wakiwa na fedha na ukuta mtupu nyumbani kwao. Wanakuta vinyago na vitenge. Nakala kumi zilizosainiwa za mavuno ya pamba wakati wa machweo hawazikuti. Viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane mwaka 2018, 2019 na 2020, vina nafasi ya kutosha kwa banda la picha.

Mbali zaidi, Nafasi Art Space ya Dar es Salaam imekuwa ikiwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi na kuonyesha tangu 2008. Addis Ababa, tamasha la picha lilianzishwa mwaka 2010 na Aida Muluneh. Bamako kuna maonyesho makubwa ya picha za Afrika yaliyoanza mwaka 1994. Tahadhari moja: anayekutumia ujumbe kwamba umeshinda, ila utangulize ada, huyo ni mlanguzi kama walanguzi wengine.

Hatumdanganyi mtu. Soko hili ni jembamba, wengi wanaoliingia hawatajirikiki, na mteja wa kwanza anaweza kuchukua mwaka. Asiuze mtu mashine yake ya kutolea picha za pasipoti kwa kusoma makala haya. Lakini hasara ya kujaribu ni bahasha na wino. Hasara ya kutojaribu ni yale masanduku ya karibu na stendi.

Na hakuna anayelazimika kwenda peke yake. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakiongozwa na Paul Bomani walijiunga, wakasimamia mizani yao wenyewe, na mwaka 1955 wakawa na shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation, lililokuja kujulikana Afrika nzima. Hawakubadilisha pamba. Walibadilisha nani anashika mizani. Mkoa huu wenyewe, tangu uanzishwe mwaka 2012, umeshajaribu kauli ya wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja, na chaki za Maswa na maziwa ya Meatu yakapata jina. Wapiga picha wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega wakikaa meza moja, wakanunua mashine moja nzuri ya kuchapia na kuweka daftari moja la namba za nakala, watakuwa wameanzisha kitu.

Kuhusu yule mzee, tulikubaliana asichome hadi msimu huu upite. Msimu haungoji mtu. Mwenye bahasha za karatasi azipeleke.