Yafaa Tujue Kusuka



Sisi wasichana wa shule hii ya Matogoro twakata nywele fupi, nami siilaumu sheria hiyo. Asubuhi maji ni ya baridi, kengele haimngoji mtu, na kichwa kilichonyolewa hakihitaji kitana wala kioo. Lakini nywele zikikatwa, si lazima na ujuzi wa mikono upotee.

Likizo ya Juni jirani yetu alifiwa na mumewe. Mama aliniita akasema, "Mwanangu, nisuke twende kilioni upesi, wenzangu wananingoja." Jina la msuko huo lajieleza: ni mistari iendayo nyuma, isukwayo haraka ili mtu atoke akiwa nadhifu. Nilijaribu, nikashindwa. Mama hakunikemea, alisema tu, "Basi, mwite mdogo wako." Mdogo wangu yuko darasa la 6. Alimaliza kazi mimi nikitazama. Neno lile liliniuma kuliko fimbo.

Wako wasemao kwamba kusuka ni kazi ya wasiosoma, na kwamba mwenye fedha atamlipa msusi. Msusi astahili ujira wake, hapana ubishi. Lakini binti akikaa kumsuka mama yake, au akisukwa naye, huambiwa mambo ambayo hayaulizwi mezani. Mazungumzo hayo hayanunuliwi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu watupe nusu saa kila Jumamosi alasiri, na wenzetu wajuao watufundishe. Vichwa vyetu ni vifupi, lakini twaweza kujifunzia nyuzi za katani zilizofungwa kwenye nguzo ya kitanda. Kwanza tuzoee kusuka mafungu matatu mpaka vidole visisahau. Likizo ikifika, tuombe kichwa cha dada au shangazi: tuchane nywele, tupake mafuta, tutenge njia iliyonyooka, tuanzie kwenye paji la uso. Mafungu ya pembeni yapite chini ya lile la katikati, nasi tuongeze nywele kidogo kila mara mpaka kisogoni. Yakipita juu, mstari huzama, hauinuki. Wala tusivute kwa nguvu, maana nywele za mbele hukatika, na mwishowe huenda zisiote tena.

Sisi wa Kidato cha 4 tutamaliza mitihani Novemba. Nywele huota kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 zetu zitakuwa zafaa kusukwa. Je, siku hiyo tutamwita mdogo wetu tena?

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na katani.

Mwanafunzi wa Kidato cha 4