Moto wa Msafishaji

Kiangazi kikikolea Mufindi na Njombe, moshi ukaanza kupanda juu ya mashamba ya misindano, lawama zote humwangukia mtu mmoja: mwenye shamba asiyefyeka. Faini ni ndogo, watu husema, ipandishwe. Mtendaji wa kijiji ni mpole mno. Nyasi zikiondoka, moto utakosa pa kupita.

Hoja hiyo inavutia, lakini inamsahau anayewasha. Katika nyanda hizi za juu za kusini mwa Tanzania mvua hukoma kama Mei na kurudi Novemba, na radi huja na mvua. Moto wa Septemba basi una mtu nyuma yake: mrina asali, mwindaji, mfugaji anayetaka majani machanga, au mkulima anayeandaa kinyungu, yaani bustani yake ya bondeni. Huyo mkulima ndiye anayenishughulisha, kwa sababu hakupuuza agizo la usafi, lile la kufyeka mashamba. Amelitii. Amefyeka, amekusanya, na kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza apeleke wapi lile rundo, amelitia kiberiti saa saba mchana upepo ukivuma. Faini ya kutofyeka haimhusu kabisa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kibali kwa uchomaji wa uoto. Lakini kibali kinahitaji safari ya ofisini, na kiberiti kiko mfukoni.

Kuna kosa jingine: kudhani kwamba kufyeka ndiko kusafisha. Nyasi mbichi iliyosimama ina maji, na hukataa moto. Ikifyekwa na kuachwa pale pale hukauka kwa siku chache, ikawa mkeka wa kuupitisha moto chini ya miti. Ni kweli miali yake huwa mifupi kuliko ya nyasi ndefu, lakini moto mfupi nao huunguza magome ya msindano mchanga, na msindano ukifa hauchipui tena kisikini kama mlingoti. Barabara ya moto inayostahili jina hilo imeparuliwa mpaka udongo uonekane. Hata hivyo sindano huendelea kudondoka juu yake, na magome makavu ya milingoti yakishika moto hupeperushwa na upepo hadi ng'ambo. Kwa hiyo barabara iliyoparuliwa mara moja ikasahauliwa ni pambo tu.

Tena kuna suala la majira. Juni na Julai baridi ya nyanda za juu huunguza nyasi usiku mmoja, na baada ya hapo kila kitu ni kuni. Agizo la usafi likitolewa Agosti, baada ya moto wa kwanza kuwatia watu hofu, linawapeleka wananchi porini na mapanga na viberiti katika miezi mibaya kuliko yote. Mei ndiyo ya kuparua. Na kama kuna kipande cha kuchomwa, kichomwe wakati huo nyasi zingali na unyevu, jioni, majirani wakiwa wamearifiwa, na watu wakiwa wamesimama na matawi mabichi mikononi.

Najua nitakachojibiwa: bila faini hakuna atakayeshika jembe. Kwa mwanakijiji anayelala jirani na miti yake sikubali. Moto ukija yeye ndiye wa kwanza kupoteza. Kwa mwenye ekari ishirini anayeishi Dar es Salaam, ambaye shamba lake amelitembelea siku ya kulinunua na pengine siku ya kupanda, nakubali kwamba anahitaji kusukumwa. Ila faini haimsukumi. Atailipa kwa simu, kama ataipokea hiyo simu, na nyasi zitabaki zilipo.

Miji mingi ya California ina utaratibu wa kumnyoosha mtu wa namna hii: akionywa na bado asipofyeka, mji unamfyekea, kisha gharama inaongezwa kwenye kodi yake ya ardhi. Vijiji vyetu havikusanyi kodi ya namna hiyo, lakini halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na vijana wenye majembe wapo. Waparue, walipwe, deni liandikwe kwa jina la mwenye shamba. Siku atakapokuja kuomba barua ya kijiji ili avune miti yake, daftari lifunguliwe kwanza.