Chai, Soda na Maziwa: Vinafanya Nini Tumboni?

Kila siku tunapanga tutakachopika: leo maharage, kesho mchicha na dagaa. Lakini ni mara chache tunapanga tutakachokunywa. Chai hunywewa kwa kuwa ipo kwenye chupa, soda hununuliwa kwa kuwa mgeni amekuja, na maji hukumbukwa kiu ikibana. Hata hivyo, kinywaji chaweza kukisaidia chakula kufanya kazi yake mwilini, au kukizuia. Mwezi huu tuvitazame vinywaji vyetu vya kila siku, kimoja kimoja.

Chai pamoja na chakula

Tuanze na chai, kwa sababu ndiyo mwenyeji wa kila nyumba. Chai yenyewe si adui. Shida iko katika wakati tunaoinywa.

Katika majani ya chai mna vitu viitwavyo tanini. Ndivyo vinavyoipa chai ya rangi ule ukali unaokausha ulimi. Tanini zikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha, matembele au ulezi, hushikamana nayo. Madini yakishashikwa hayawezi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Hupita tu na kutoka pamoja na choo. Kikombe kimoja cha chai kikinywewa na mlo wa namna hiyo chaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hufanya vivyo hivyo. Kuongeza maziwa hakuondoi tatizo hili. Chuma kilichomo katika nyama na samaki hakizuiwi sana, lakini ni nyumba ngapi zinazopika nyama kila siku?

Sasa tuone kwa nini jambo hili latuhusu sisi akina mama kuliko wengine. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji chuma mara mbili ya mwanamume, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Akiwa mjamzito mahitaji hayo huongezeka tena, maana anatengeneza damu yake na ya mtoto. Mama mwenye upungufu wa damu huchoka upesi, huona kizunguzungu, moyo humwenda mbio akipanda mlima kidogo tu. Hatari kubwa iko siku ya kujifungua: mama aliyefika chumba cha uzazi akiwa hana akiba ya damu, akitokwa damu nyingi, anaweza kupoteza maisha yake kwa muda mfupi sana.

Ndiyo maana kliniki za wajawazito hutoa vidonge vya kuongeza damu. Lakini wako wanaovimeza asubuhi kwa chai! Kidonge kimetolewa, kimemezwa, na sehemu kubwa ya nguvu yake imepotea. Vidonge hivyo vimezwe kwa maji safi, au kwa maji ya machungwa, kwani vitamini C iliyomo katika chungwa, limau, pera na pasheni husaidia chuma kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo hiyo, kipande cha chungwa au limau mezani pamoja na maharage ni dawa ya bei nafuu.

Je, tuache chai? Hapana. Tuitenganishe na chakula. Tuinywe saa moja au mbili baada ya kula, kwa mfano saa 4 asubuhi au saa 10 jioni. Kifungua kinywa chaweza kuwa uji, maziwa au maji ya matunda.

Chai ya moto sana

Wako wanaojisifu kwamba chai isipochoma si chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, yaani bomba linalopeleka chakula tumboni. Saratani hii yapatikana sana katika eneo letu la Afrika Mashariki. Si majani ya chai yanayolaumiwa hapa, ila moto unaounguza ngozi laini ya ndani tena na tena. Basi tumimine chai, tuzungumze kidogo, ndipo tunywe.

Vidonda vya tumbo na kiungulia

Wengi huamini kwamba chai na kahawa ndizo zinazoleta vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria aishiye tumboni ambaye ndiye chanzo cha vidonda vingi. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine ni kumeza ovyo dawa za maumivu kama aspirini. Kwa hiyo mwenye vidonda aende hospitali apimwe na kupewa dawa za kumwua bakteria huyo. Kubadili kinywaji tu hakumponyi.

Hata hivyo, kahawa, chai kali na soda huweza kuongeza maumivu na kiungulia kwa mtu ambaye tayari anaumwa. Na maziwa? Hutuliza kwa muda mfupi, kisha hulichochea tumbo litoe asidi zaidi. Si tiba.

Maziwa yanapolisumbua tumbo

Kama mtu mzima wa nyumba yako hulalamika tumbo kujaa gesi, kunguruma au kuharisha kila anapokunywa maziwa, usidhani anadeka. Watu wazima wengi huwa hawana tena cha kutosha kile kimeng'enyo kinachoisaga sukari ya maziwa. Sukari hiyo ikifika katika utumbo mpana bila kusagwa, huchachuka na kutoa gesi. Mpe maziwa ya mgando au mtindi. Humo sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na bakteria, na wengi huyavumilia vizuri. Au apate maziwa kidogo kidogo pamoja na chakula.

Soda na juisi tamu

Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi gramu 50 kwa siku, na kwamba ni bora zaidi isizidi gramu 25. Chupa moja tu imeshavuka kipimo hicho cha pili, na bado hatujahesabu sukari ya chai! Kwa mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo, kipimo ni kidogo zaidi. Akishashiba soda hali chakula, na meno yake huoza.

Juisi tunayotengeneza nyumbani ni nzuri, ila tupunguze sukari, na maji yake yawe yamechemshwa. Juisi nyingi tamu huleta ugonjwa wa tumbo si kwa matunda yake, bali kwa maji yasiyo salama.

Tena tusimpe soda mtoto anayeharisha. Sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza katika utumbo, naye huharisha zaidi. Mtoto apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti kutoka zahanati, pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko, ukoroge vizuri. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Akiwa analegea, macho yamedidimia, au anatapika kila kitu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Watoto wetu wadogo

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Baada ya hapo ale uji ulioongezwa karanga, maziwa au mboga, huku akiendelea kunyonya. Chai ya rangi na kipande cha mkate si chakula cha mtoto: chai hujaza tumbo lake dogo, tena humnyima chuma wakati ule ule ambao ubongo wake unakihitaji sana.

Mambo ya kukumbuka

1. Chai na kahawa zikae mbali na mlo kwa saa moja au mbili.
2. Vidonge vya damu vimezwe kwa maji au maji ya machungwa.
3. Mjamzito apunguze kahawa na chai kali.
4. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja. Waishio milimani, dakika tatu. Yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko.
5. Maji wakati wa kula hayadhuru. Hata ya baridi hupata joto upesi tumboni.
6. Soda iwe ya siku moja moja, si ya kila siku.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha nyingi. Mengine hata huokoa fedha. Tuanze na lile la kwanza wiki hii: chupa ya chai ibaki kabatini mpaka vyombo vya chakula vimekwisha kuoshwa. Mzee wa nyumba akiuliza, tumweleze sababu. Tukutane mwezi ujao.