Nani anachunga mionzi? Kinu cha Kinshasa, magunia ya koltani na chumba cha radio hapa Kisangani

Ukiongea mambo ya nyuklia hapa Kisangani, watu wanacheka kwanza. Baraji ya Tshopo iko na turbine tatu, na mara nyingi hazizunguki zote. Kule Mangobo na Kabondo mama anauza samaki usiku kwa taa ya betri, halafu wewe unamletea habari ya kinu cha atomu? “Hayo ni mambo ya Wazungu,” utaambiwa. “Tupatieni kwanza umeme wa kawaida.”

Wana haki ya kucheka. Lakini swali la nani anachunga mionzi, nani anatoa ruhusa na nani anaweza kusema “hapana, funga”, halingoji kinu cha umeme kijengwe. Liko tayari katika chumba cha hospitali ambako mtoto anapigwa picha ya kifua, katika gunia la koltani linaloshushwa kwenye depo, na katika vyuma vikuukuu vinavyouzwa kwa kilo. Na kwa nchi yetu swali hilo ni la zamani kuliko uhuru.

Tulianza mbele ya wengine

Uraniamu iliyotumika katika bomu la Hiroshima, Agosti 1945, sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga. Hilo wengi tunalijua. Kile ambacho wengi wamesahau ni kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika nzima kiliwashwa kwetu, Leopoldville, mwaka 1959, mwaka mmoja mbele ya uhuru. Kiliwekwa kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, chini ya rekta wake, padri Luc Gillon, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafizikia. Kiliitwa Trico. Hakikuwa cha kutoa umeme. Kazi yake ilikuwa kufundisha, kufanya utafiti na kutengeneza dawa za mionzi za hospitali. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Mwaka 1972 cha pili, Trico II, kilichukua nafasi yake, chenye nguvu ya megawati moja.

Leo Trico II kimelala. Hakizunguki tangu zaidi ya miaka 20: vipuri vilikosekana, na pesa pia. Lakini kinu kulala si sawa na gari kulala. Gari likiharibika unalifunika turubai, unaliacha kwenye parsele. Kinu kikilala, mafuta yake ya uraniamu yanabaki hatari, na yanataka mlinzi, ukuta, taa, daftari na mtu wa kuhesabu kila siku.

Hapo ndipo tulipojikwaa. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za uraniamu ziliibwa. Moja ilikuja kuonekana Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wanaitafutia mnunuzi. Ya pili haijaonekana mpaka leo. Mwaka 2006 ubalozi wa Marekani uliandika barua ya siri kuhusu usalama wa pale mahali, na barua hiyo ilitoka hadharani miaka michache baadaye. Ilieleza ua wenye matundu na sehemu isiyokuwa na taa usiku. Ongeza na mmomonyoko wa udongo unaokula kilima cha Mont Amba, ambako chuo kimejengwa, kama unavyokula mitaa mingine ya Kinshasa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba shida ya nyuklia ni teknolojia, mwambie hapana. Fimbo zile hazikuibwa kwa sababu ya fizikia. Ziliibwa kwa sababu ya funguo.

Arbitre anatoka wapi?

Kwa sheria, hatuko mikono mitupu. Tarehe 16 Oktoba 2002 nchi ilitoa sheria nambari 017/2002 kuhusu kinga dhidi ya hatari za mionzi na ulinzi wa vifaa vya nyuklia. Tuko pia na taasisi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Kamisaria Kuu ya Nguvu za Atomu, CGEA: hiyo ndiyo yenye kinu, yenye maabara, na kazi yake ni kuendeleza matumizi ya nyuklia. Ya pili ni Kamati ya Taifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, CNPRI: hiyo ndiyo polisi. Inatoa ruhusa, inakagua, na inapaswa kuwa na nguvu ya kusimamisha.

Kuzitenganisha hizo mbili lilikuwa jambo zuri. Lakini zote mbili zimekaa chini ya wizara moja, ile ya Utafiti wa Kisayansi. Fikiria mechi ya Malekesa na Nika, halafu arbitre analipwa na bwana yuleyule anayelipa wachezaji wa Malekesa. Pengine ni mtu mnyofu kabisa. Pengine atapiga filimbi vizuri dakika zote 90. Lakini siku ya penalti, nani atamwamini?

Hilo si kosa la Kongo peke yake. Marekani ilikuwa na tume moja iliyouza wazo la nyuklia na kulichunga kwa wakati mmoja, mpaka sheria ya 1974 ilipoivunja na tume mpya ya uchunguzi tu ikaanza kazi Januari 1975. Japani haikutenganisha mpaka ilipoumia. Wakati wa ajali ya Fukushima, Machi 2011, idara ya kuchunga usalama ilikuwa ndani ya wizara ileile iliyokuwa inasukuma nyuklia mbele. Mwaka 2012 ikafutwa, na mamlaka mpya ikaundwa nje ya wizara hiyo. Kama Japani, yenye mainjinia wote wale, ilihitaji msiba ili ielewe, sisi tuna faida moja: tunaweza kujifunza bila kulipa bei ile.

Majirani wanakimbia, dunia pia

Kwa nini kuongea hayo sasa? Kwa sababu pembeni yetu mambo yanatembea. Uganda ilitunga sheria yake ya atomu mwaka 2008, ikaunda baraza la uchunguzi, na imechagua Buyende kuwa mahali pa kinu cha umeme. Rwanda ilitia sahihi Septemba 2023 na kampuni ya Dual Fluid kwa kinu cha majaribio. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya uchunguzi mbali na wakala unaopanga ujenzi. Hata hivyo, mahali pa kwanza palipofikiriwa, Uyombo katika Kilifi, wavuvi na wakazi walikataa. Mwaka 2024 maandamano yalikutana na polisi. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya ziwa. Somo lake ni wazi: ruhusa ya karatasi haitoshi kama watu wa mahali hawakuulizwa.

Afrika ya Kusini, yenye kituo kimoja tu cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi katika bara letu, Koeberg, iko na jambo ambalo tungeiga. Sheria yao inatoa kiti katika baraza la mamlaka ya usalama kwa mtu anayesimamia jamii zinazoishi karibu. Mwaka 2022 waziri alimfukuza mwakilishi huyo kwa sababu ya msimamo wake juu ya nyuklia. Yeye akaenda mahakamani, na mahakama ikasema kufukuzwa kwake hakukuwa halali. Kituo kiliendelea: Julai 2024 kinu cha kwanza cha Koeberg kilipewa ruhusa ya miaka 20 mingine. Lakini angalia: kuwa na raia mwenye maswali ndani ya baraza hakukuzuia kazi.

Na huko Marekani sasa wanataka haraka. Sheria ya Julai 2024 iliagiza tume ifanye kazi ya leseni kuwa ya kisasa, na Mei 2025 rais alitoa amri kwamba maombi ya vinu vipya yasipite miezi 18 bila jibu. Wanaounga mkono wanasema karatasi zilikuwa nyingi mno, na mengine yalihusu vinu vya aina ya zamani. Wanaopinga wanaogopa kwamba saa ikigonga, mkaguzi atasukumwa kutia sahihi. Sisi tusiige ubishi huo bila kuangalia hali yetu. Wao wanalalamika kwamba mkaguzi anakawia. Huku kwetu, katika sehemu nyingi, swali ni kama mkaguzi amewahi kufika.

Kisangani iko wapi katika hayo?

Kutoka Kinshasa mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1700 kwa mto. Mionzi haingojei boti.

Tuanze na hospitali. Mashine ya radio haina uraniamu ndani. Inatoa mionzi wakati tu imewashwa, na ikizimwa umeme, imekwisha. Mgonjwa anayepiga picha moja kwa ajili ya kifua au mfupa asiogope: faida inazidi hatari kwa mbali. Anayetakiwa kulindwa sana ni yule anayefanya kazi hiyo kila siku, mwaka mzima, pamoja na mama mwenye mimba, na watu wa chumba cha pembeni kama ukuta hauna risasi ya kuzuia mionzi. Ndiyo sababu sheria inadai ruhusa mbele ya kufungua kazi, na mfanyakazi avae dozimeta, kifaa kidogo cha kifuani kinachohesabu mionzi aliyopokea. Mashine nyingi zinaingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya au Asia, na senta zinafunguliwa kila leo. Kila mashine bila daftari ni mtu fulani anayepokea kipimo bila kujua.

Pili, koltani. Kuanzia Rubaya katika Masisi hadi Bafwasende kwetu Tshopo, watu wanabeba madini haya mgongoni. Ndani ya koltani kuna uraniamu na thoriamu kidogo, kwa asili yake. Kwa kimataifa, yakizidi kiwango fulani, yanasafirishwa kama bidhaa ya mionzi, na alama ya manjano juu ya pipa. Kumbe gunia lilelile ambalo bandarini linabandikwa alama ya hatari, huku kwetu mtoto analala juu yake depo. Tusitie watu hofu: gunia moja haliui. Lakini kupumua vumbi miaka kumi, au kulala chumba kimoja na tani kadhaa, ni jambo la kupimwa. Na kupima kunataka kifaa, mkaguzi na safari ya barabara.

Shinkolobwe inatuonyesha nini kinatokea serikali ikiandika bila kuchunga. Januari 2004 dekreti ya rais ilifunga eneo lile. Wachimbaji wa mikono hawakuondoka. Julai ya mwaka uleule shimo liliporomoka na watu wanane wakafa, ndani ya mgodi ambao kwa karatasi ulikuwa umefungwa.

Tatu, vyuma vikuukuu. Mashine za kutibu kansa kwa mionzi, tofauti na zile za radio, zinaweza kubeba kitu chenye mionzi hata zikiwa zimezimwa. Mwaka 1987 katika muji wa Goiânia, Brazili, kliniki ilihama ikaacha mashine kama hiyo ndani ya nyumba tupu. Vijana wawili waliibomoa wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani kulikuwa na unga unaong'aa rangi ya buluu, watu wakagawiana kama zawadi. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na watu zaidi ya 110 000 walipimwa. Leseni ya kuanza kazi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: mkifunga, kile kifaa kitaenda wapi? Mashariki mwa Kongo, ambako vita vinakimbiza watu na kuacha nyumba wazi, swali hilo si la kubahatisha. Sisi wa Kisangani tuliona siku sita za Juni 2000, tunajua jinsi muji unavyoachwa.

Kitu cha kudai

Kufanya uchunguzi kuwa wa kisasa, kwetu, hakuanzi na kompyuta. Kunaanza na mambo manne. CNPRI itoke chini ya wizara inayosimamia kinu, iwe na bajeti yake. Wakaguzi wakae majimboni, na vifaa vya kupima, si kungoja tikiti ya ndege kutoka Kinshasa. Daftari la mashine na vifaa vyote vya mionzi liwe wazi, ili bunge la jimbo na shirika la raia waweze kulisoma. Na raia wa mahali wapewe kiti ambapo ruhusa zinaamuliwa.

Wakati tunangoja, kuna maswali ambayo kila mtu anaweza kuuliza bila kugombana na mtu. Ukiingia chumba cha radio, uliza: ruhusa yenu iko wapi? Mfanyakazi, dozimeta yako inapelekwa kusomwa lini? Mama, kama una mimba au unafikiri unayo, sema mbele mashine haijawashwa. Mwenye depo, usiwalaze walinzi pamoja na magunia. Na wewe unayenunua vyuma: ukiona kifaa kizito kupita ukubwa wake, chenye alama ya mapanga matatu ndani ya duara au pembetatu ya manjano, usikivunje. Rudi nyuma, zuia watoto, ita viongozi wa mtaa.

Siku moja huenda Kongo itataka kinu cha umeme, kama majirani. Hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya kusaini, tutaulizwa kama tunaweza kuchunga kikubwa. Jibu litaonekana kwa namna tunavyochunga kidogo: kile chumba cha mwisho wa korido, mlango umefungwa nusu, na wagonjwa kumi wakingoja kwenye benchi nje.